Maisha ya Mzee Hassan Fathy, Mjenzi wa Nyumba za Udongo

Katika kijitabu hiki tumeweka pia maisha ya Mzee Hassan Fathy wa Misri, msanifu wa majengo, maana habari zake zinatugusa sisi tunaoweka akiba ili tujenge.

Alizaliwa mwaka 1900 mjini Alexandria, mtoto wa watu wenye mali. Mama yake alimsimulia uzuri wa shamba, lakini hakukanyaga mashamba ya kwao hadi umri wa miaka 27. Alipofika alikuta wakulima wanaishi kwenye vibanda vya giza na uchafu. Roho ilimuuma.

Sasa, kila mwanachama aliyejenga kwa mkopo wa kikundi anajua: ukuta si kazi, kazi ni paa. Misri miti ni haba, na Vita Kuu ya Pili ilipoingia, mbao na vyuma vikawa adimu kabisa. Mwaka 1941 Mzee alijaribu kuezeka kwa matofali mabichi ya udongo, mapaa yakaanguka. Ndugu yake aliyefanya kazi Aswan akamwambia kwamba Wanubi wa huko wanaezeka kwa matofali hayo hayo bila mti hata mmoja wa kuegemeza. Akaenda kuona. Mafundi wale walifyatua matofali mepesi yenye majani mengi, wakayachora mifereji miwili kwa vidole ili yashike tope, wakayapanga yakiegemea ukuta wa mwisho, mstari juu ya mstari, hadi chumba kikafunikwa. Msomi wa chuo kikuu akawa mwanafunzi wao, na kwa hilo tunampenda.

Mwaka 1945 alikabidhiwa kazi ya serikali huko Gourna, karibu na Luxor: kujenga kijiji kipya cha watu 7,000 hivi waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Alijenga msikiti, soko, shule na nyumba zenye ua wa ndani. Lakini wengi walikataa kuhama. Baadhi yao walipata riziki kwa vitu vya makaburini, na hawakuomba kuhamishwa na mtu. Wapo waliotoboa tuta ili maji yaingie kijijini. Maofisa nao wakachelewesha fedha. Mwaka 1948 kazi ikasimama, sehemu kubwa haijajengwa.

Mzee aliamini kila familia iulizwe inataka nyumba ya namna gani. Waliulizwa wanaume. Wanawake kwa desturi hawakuonana na wageni, na yeye mwenyewe alisikitika. Jamani, anayejua jiko likae wapi na moshi utokee wapi ni nani? Hata maji alitaka yabaki kisimani, ili wasichana wapate kuonekana na kuposwa. Hapo hatuko naye. Anayebeba ndoo kichwani ataomba bomba uani, mchumba atakuja tu.

Mwaka 1980 alipewa tuzo ya Right Livelihood na tuzo ya Mwenyekiti ya Aga Khan. Alifariki Cairo mwaka 1989. Nyumba nyingi za Gourna zilibomoka au zikajengwa upya na wenyewe, lakini msikiti wake wa udongo umesimama hadi leo.