MAISHA YA CHARLES MARTIN HALL, ALIYEISHUSHA BEI ALUMINI

Ni nyumba chache hapa kwetu Kipatimu zisizokuwa na sufuria ya alumini. Hupikiwa ugali, huchemshiwa maji, na ikitoboka huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nao huipeleka ikayeyushwe na kufanywa kitu kipya. Lakini mtu aliyeishi yapata miaka mia na hamsini iliyopita angalistaajabu kuona madini haya yakiachwa jikoni yakishika masizi, kwa maana siku zile yalihesabiwa pamoja na vitu vya thamani. Aliyeyashusha bei hata yakafika mikononi mwa watu wa kawaida ni kijana wa Kimarekani, jina lake Charles Martin Hall. Habari zake zafaa kusomwa na kila mwanafunzi, si kwa ajili ya uvumbuzi wake tu, bali pia kwa ajili ya mashindano aliyoyapata kabla serikali ya nchi yake haijakubali kwamba uvumbuzi ule ni wake.

Bwana Hall alizaliwa tarehe 6 Desemba, 1863, katika kijiji cha Thompson, jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, wala hakuwa mtu wa mali nyingi. Mwaka 1873 jamaa yote walihamia mji mdogo wa Oberlin, penye chuo kilichoanzishwa mwaka 1833. Chuo hicho kilikuwa miongoni mwa vya kwanza Marekani kuwapokea watu weusi na wanawake, wakasoma pamoja na wanaume weupe. Charles tangu utoto alipenda elimu ya kemia, akawa akisoma kitabu cha kale alichokikuta miongoni mwa vitabu vya baba yake. Dada yake Julia, aliyemzidi umri kwa miaka minne hivi, naye alisoma kemia katika chuo hicho hicho.

Charles aliingia chuoni mwaka 1880. Huko alimpata mwalimu mwema, Profesa Frank Jewett. Profesa huyu alikuwa amesoma Ujerumani, na huko alikutana na mzee Friedrich Wöhler, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuipata alumini, katika mwaka 1827. Siku moja Profesa Jewett aliwaeleza wanafunzi wake kwamba mtu atakayevumbua njia rahisi ya kupata alumini nyingi atawafaa wanadamu wote, na mwenyewe atakuwa tajiri. Wengi walisikia wakasahau. Hall alisikia, akaazimia kwamba mtu huyo atakuwa yeye.

Yafaa tueleze shida ilikuwa wapi. Alumini si haba duniani. Katika madini yote ya ganda la dunia hakuna yaliyo mengi kuizidi, nayo imo katika udongo tunaoukanyaga. Ila haipatikani peke yake. Imeshikamana sana na hewa ya oksijeni. Chuma nacho hushikamana na oksijeni, lakini wazee wetu wa Afrika walijua tangu zamani kuyatia mawe ya chuma katika tanuri pamoja na makaa, wakavukuta, mpaka makaa yakaichukua oksijeni na chuma kikabaki. Alumini haikubali kuachana na oksijeni kwa njia hiyo. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakiitoa kwa kutumia madini mengine yaliyo ghali, na kwa hiyo nayo ikawa ghali. Mwaka 1884, mnara wa ukumbusho wa Washington ulipomalizika, juu kileleni uliwekwa kipande cha alumini chenye uzito wa wakia 100. Wakia moja ilikuwa kama dola 1, nayo dola 1 ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima.

Hall alihitimu mwaka 1885, wala hakwenda mbali kutafuta kazi. Alijitengenezea karakana katika banda la kuni nyuma ya nyumba ya baba yake, akaendelea na majaribio. Umeme wa kununua haukuwako Oberlin, basi alitengeneza betri zake mwenyewe, na vyombo vingine aliazima kwa Profesa Jewett. Mama yao alikwisha kufariki, na Julia ndiye aliyekuwa akitunza nyumba. Hata hivyo, alikwenda bandani kila mara kuona kazi, akashauriana na ndugu yake kama mtu anayeijua elimu ile.

Fikira ya Hall ilikuwa hii. Unga wa alumina, yaani alumini iliyoshikamana na oksijeni, hauyeyuki mpaka joto lifike kiasi cha digrii 2,050, na moto wa namna hiyo ni mgumu kuupata. Basi akatafuta kitu kingine kiyeyukacho kwa urahisi zaidi, ambacho alumina itaingia ndani yake kama chumvi iingiavyo majini. Baada ya kujaribu vitu vingi alikipata katika jiwe liitwalo krayolaiti, ambalo wakati ule lilichimbwa Greenland. Jiwe hilo huyeyuka kwa joto la kiasi cha digrii 1,000. Hall akatia alumina ndani yake, akapitisha umeme. Mara ya kwanza hakupata kitu, kwa sababu chungu chake cha udongo kilikuwa kikiyeyuka kidogo kidogo na kuharibu kazi. Akakitandika ndani kwa kaboni, akajaribu tena. Tarehe 23 Februari, 1886, kilipopoa na kuvunjwa, zilionekana chembe ndogo za madini meupe yanayong'aa. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 22.

Hapo kazi ya bandani ilikwisha, ikaanza kazi ya ofisini. Tarehe 9 Julai, 1886, Hall alipeleka Washington ombi lake la kupata hataza. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake pasipo ruhusa kwa muda fulani, na kwa upande wake yeye hutakiwa kueleza uvumbuzi wote wazi wazi, ili muda ukiisha kila mtu aweze kuutumia. Hati hii haitolewi kwa kila anayeiomba. Mkaguzi wa hataza husoma ombi, akalinganisha na mambo yaliyokwisha kujulikana, akauliza maswali makubwa matatu: je, jambo hili ni jipya? Je, fundi mwingine hodari asingelifikia kwa urahisi tu? Je, linaweza kutumika katika kazi za viwanda?

Mkaguzi alipochunguza ombi la Hall aliona jambo la ajabu. Mezani palikuwa na ombi jingine la namna ile ile, lililofika mwezi Mei mwaka huo huo. Mwombaji alikuwa Mfaransa, Paul Héroult, aliyekwisha kuandikisha uvumbuzi wake Ufaransa tarehe 23 Aprili, 1886. Vijana hawa wawili hawakujuana, wala hakuna aliyemwibia mwenziwe. Wote wawili walizaliwa mwaka 1863, na kila mmoja kwao alifikia njia ile ile kwa akili yake mwenyewe.

Sasa haki itolewe kwa nani? Kama ingalitazamwa tarehe ya kupeleka ombi peke yake, Hall alikuwa amekwisha kushindwa. Lakini sheria ya Marekani ya siku zile ilimpa haki yule aliyetangulia kuvumbua, mradi aweze kuthibitisha. Kwa hiyo shauri lote likasimama juu ya neno moja: je, Hall anaweza kuonyesha kwamba alifaulu kabla ya ile tarehe ya Mfaransa? Kusema kwa mdomo hakukutosha. Ilitakiwa karatasi, na alitakiwa shahidi.

Vyote viwili alikuwa navyo. Katika mwezi ule wa Februari alikuwa amemwandikia kaka yake George barua zenye tarehe, akamweleza kazi aliyokuwa akiifanya. Na Julia, aliyeyaona majaribio kwa macho yake na kuyaelewa, aliandika habari za kazi ile tangu mwanzo kwa utaratibu, akatoa ushahidi. Walio wengi wangaliona chembe zile wasijue ni nini, yeye alijua. Hivyo ikathibitika kwamba Hall alimtangulia Héroult kwa miezi miwili hivi. Tarehe 2 Aprili, 1889, karibu miaka mitatu tangu kuomba, alipewa hataza zake. Jina la Julia halikuandikwa ndani yake, lakini bila ya yeye shauri lile lingalikuwa gumu sana. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na hapa twaona kwamba hata mali ya akili ni hivyo hivyo.

Miaka ile ya kungoja haikuwa rahisi. Hall alifanya kazi kwa muda katika kampuni ya ndugu wawili wa Cowles, huko Lockport, lakini wakubwa wa kampuni hawakuona faida katika njia yake, wakamwachia aende zake. Mwaka 1888 akakutana na Kapteni Alfred Hunt, mtaalamu wa madini wa mji wa Pittsburgh. Huyu na rafiki zake walichanga mtaji wa dola 20,000, wakaanzisha kampuni, na kabla mwaka haujaisha kiwanda chao kidogo kilikuwa kikitoa alumini. Kufika mwaka 1893 ratili moja ilikuwa chini ya dola 1. Mwaka 1895 walipeleka kazi kwenye maporomoko ya Niagara, palipokuwa na umeme mwingi wa nguvu za maji. Kampuni hiyo ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka 1907, na baadaye ikajulikana kwa jina la Alcoa.

Lakini hataza si mwisho wa ugomvi. Kampuni ya Cowles ilipoona faida ilianza kutumia njia ile ile iliyokuwa imeikataa. Wakashitakiana, na mwaka 1893 Jaji William Howard Taft, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa Marekani, aliamua kwamba haki ni ya Hall. Kisha mambo yakageuka. Cowles walinunua haki za mvumbuzi mwingine, Charles Bradley, aliyepeleka ombi lake tangu mwaka 1883. Ukaguzi wa ombi hilo ulichukua miaka mingi hata likakubaliwa, wakati Hall amekwisha kuanza kazi. Bradley alikuwa amevumbua njia ya kuutumia umeme ule ule kuyeyusha na kutenganisha kwa pamoja. Kule bandani Hall alipasha moto chungu chake kutoka nje, lakini katika matangi makubwa ya kiwandani umeme wenyewe ndio ulioshika joto. Basi mwaka 1903 mahakama ya rufani iliwapa Cowles ushindi, na kampuni ya Hall ikalazimika kulipa. Ndivyo ilivyo katika mambo ya uvumbuzi: mtu aweza kuwa mwenye haki katika jambo lake, na papo hapo akawa amekanyaga shamba la mwenziwe.

Hall hakuoa. Aliendelea kufanya kazi za utafiti, akawa tajiri kama alivyosema mwalimu wake. Mwaka 1911 alipewa Nishani ya Perkin, nishani kubwa ya wanakemia wa Marekani, na Héroult alisafiri kutoka Ufaransa akahudhuria sherehe ile bila kinyongo. Waliozaliwa mwaka mmoja wakafa pia mwaka mmoja: Héroult alifariki tarehe 9 Mei, 1914, na Hall tarehe 27 Desemba, 1914. Sehemu kubwa ya mali yake Hall aliiacha kwa elimu, theluthi moja ikiwa ya chuo cha Oberlin. Dunia nayo imewapatanisha, kwani mpaka leo njia ile huitwa kwa majina yao wote wawili.

Na sufuria yetu iliyotoboka? Kupata kilo moja ya alumini kutoka katika alumina huhitaji umeme wa kiasi cha yuniti 13 hadi 15. Lakini kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huhitaji kama sehemu moja tu katika ishirini ya nguvu ile, kwa sababu oksijeni ilikwisha kuondolewa zamani. Alumini huyeyuka kwa digrii 660, na joto hilo fundi wa mtaani hulipata kwa mkaa na mivukuto. Hivyo fundi huyo anaendeleza kazi aliyoianza Hall, na kila anapotengeneza kalibu bora au tanuri linalokula mkaa kidogo, huenda naye amevumbua.

Basi, enyi vijana, likumbukeni jambo moja. Sheria ile iliyomwokoa Hall haipo tena. Marekani iliibadilisha mwaka 2013, na hapa Tanzania pia, watu wawili wakivumbua jambo moja kila mmoja kwa akili yake, haki huwa ya yule aliyetangulia kupeleka ombi. Kwa Tanzania Bara maombi hayo hupelekwa BRELA. Tena uvumbuzi uliokwisha kutangazwa hadharani kabla ya kuombewa hataza waweza kuhesabiwa kuwa si mpya. Yampasa mwenye kuvumbua aandike kazi yake kila siku, aweke tarehe, awe na shahidi anayeielewa, kisha asikawie kwenda kuiandikisha. Hall alitangulia bandani na akachelewa ofisini. Kama angaliishi leo, barua za George na ushahidi wa Julia visingalimpatia hataza ile.