Carey Francis: Odijo Mkali wa Alliance Aliyemalizia Maisha Akifunza Mtaani Pumwani

Huku Landless ukiuliza shule kali ni gani, mtu atakutajia Mang'u kabla umalize swali, juu iko hapa tu Thika. Lakini leo wacha tuongee kuhusu wapinzani wao wa Alliance, na mlami aliyeifanya iogopwe.

Jina lake Edward Carey Francis. Alizaliwa London 1897, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia, halafu akaenda Cambridge. Kwa hesabu jamaa alikuwa moto, mpaka chuo kikamwajiri afunze hapo hapo. Maisha ilikuwa imejipa.

1928 akaachana na hiyo yote, akakuja Kenya na misheni ya Kianglikana kuwa prinsipo wa Maseno. Jaramogi Oginga Odinga ni mmoja wa wale walipitia mikono yake huko. 1940 akaletwa Alliance pale Kikuyu, akakaa miaka 22. Hakuwahi oa. Shule ndio ilikuwa familia yake, na sheria zake hazikuwa za kucheza nazo. Hata vitabu vya hesabu vya watoto wa Afrika Mashariki aliandika.

Sasa, tusimfanye malaika. Mau Mau aliipinga wazi, na siasa za kutaka uhuru haraka hakuziamini. Kwa wengi alikuwa mzungu wa upande wa serikali. Lakini pia alilalamikia serikali hiyo hiyo vile wanajeshi na polisi walikuwa wanatesa watu. Wanafunzi wake walikuwa katikati ya hiyo noma. Ngũgĩ wa Thiong'o alijiunga na Alliance 1955, na aliporudi home likizo ya kwanza akapata kijiji chao kimebomolewa.

Uhuru ulipokuja, wanaume aliowafunza wakawa mawaziri na wakubwa serikalini. Yeye alikuwa ameachia kiti cha Alliance 1962. Angeenda Uingereza akapumzike, hakuna mtu angemlaumu.

Badala yake akaenda kufunza sekondari ya Pumwani, Eastlands. Si kama prinsipo. Mwalimu tu wa kawaida, na bosi juu yake. Alliance ilikuwa inachukua vichwa wachache waliochujwa Kenya nzima. Pumwani walikuwa vijana wa mtaa, wanatoka asubuhi kwa nyumba ya kupanga na kurudi hapo hapo jioni. Odijo wa Cambridge akawa wao pia. Aliendelea hivyo hadi akafariki Julai 1966.

Mimi niliacha college, so sitakuhubiria mambo ya vyeti. Lakini hii story hunishika. Cheo kiliisha, chaki akabaki nayo. Next time mat yako ya Thika Road ikifika Pangani, jua Pumwani iko hapo karibu.

Na wewe, ni odijo gani hujawahi sahau?