Tshombe, faranga za Katanga na ahadi zisizotimizwa

Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba mwaka wa 1919, alitangaza kujitenga kwa mkoa wa Katanga Julai 11, 1960, siku 11 tu baada ya Kongo kujinyakulia uhuru. Mwaka uliofuata Katanga, iliyotajirika kwa shaba, ikaanza kutumia faranga zake yenyewe.

Desemba 1961, mjini Kitona, Tshombe alikubaliana na Waziri Mkuu Cyrille Adoula kwamba Kongo ni nchi moja. Aliporejea nyumbani, alisisitiza kuwa mapatano hayo sharti yaidhinishwe na bunge la Katanga. Mazungumzo ya Léopoldville mwaka wa 1962 nayo yakasambaratika.

Agosti mwaka huo, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, U Thant, alipendekeza katiba ya shirikisho, sarafu moja, jeshi moja na mapato kugawanywa nusu kwa nusu. Tshombe aliridhia kwa kauli, lakini utekelezaji ukakwama. Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikomesha utawala wake, na faranga za Katanga zikafikia kikomo.

Mwaka wa 1964 alirejea kuwa Waziri Mkuu wa Kongo ile ile aliyoikana. Alifariki kizuizini nchini Algeria mwaka wa 1969.