Alzheimer: Daktari aliyeuona ubongo ukijihami

JINA la Dk. Alois Alzheimer limekuwa jina la ugonjwa wa kusahau unaowapata hasa wazee. Ni wachache wanaojua kuwa tabibu huyo wa Kijerumani alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akichunguza maradhi mengine kabisa: kaswende iliyofika kwenye ubongo.

Alizaliwa Juni 14, 1864 katika mji mdogo wa Marktbreit, Bavaria. Alipata udaktari mwaka 1887 kwa tasnifu juu ya tezi za nta ya sikio, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Huko alikutana na Franz Nissl, bingwa wa kupaka rangi vipande vya ubongo ili vionekane vyema chini ya hadubini.

Enzi hizo, kabla ya penisilini, hospitali za namna hiyo zilijaa watu walioharibiwa akili na kaswende. Katika kazi kubwa aliyoitoa mwaka 1904, Alzheimer alieleza jinsi chembe za kinga zinavyoizingira mishipa ya damu ya ubongo wa wagonjwa hao. Ni vita ile ile ya mwili kujihami ambayo juu ya ngozi huitambua kila mtu kwa wekundu, joto na uvimbe.

Mwaka 1901 ulimwelemea. Februari alifiwa na mkewe, Cecilie, akaachwa na watoto watatu wadogo. Novemba 25 hospitali ilimpokea Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akimwonea mumewe wivu bila sababu, na ambaye alishindwa hata kuliandika jina lake mwenyewe. Alzheimer alimhoji mara kwa mara na kuyanakili majibu yake kwa uangalifu.

Baadaye alihamia Munich kwa Profesa Emil Kraepelin, lakini hakumsahau mgonjwa wake. Auguste alipofariki Aprili 1906, aliomba apelekewe ubongo wake. Ndani yake aliona mabonge nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli za neva. Novemba 3 mwaka huo alitoa taarifa hiyo mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen. Hakuna aliyemwuliza swali.

Mabonge na nyuzi hizo ndivyo vilivyotawala utafiti kwa karibu karne nzima. Hata hivyo, makala yake fupi ya mwaka 1907 ina jambo jingine. Akiwa na jicho lililozoea kaswende, alizitafuta zile chembe kandokando ya mishipa ya damu, asizione. Alichokiona ni seli za glia, zile zinazozihudumia seli za neva, zikiwa zimeota nyuzi nyingi, na baadhi zimejaa mafuta.

Mwaka 1919 Mhispania Pío del Río Hortega alizitenga mikroglia, ambazo ni walinzi na wafagiaji wa ubongo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Patrick na Edith McGeer wa Vancouver, Kanada, walionyesha kuwa katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer walinzi hao wako macho, wamekusanyika kwenye mabonge. Hoja ikawa kwamba mlinzi asiyelala huishia kuwadhuru aliokabidhiwa.

Basi si zingetosha dawa za kutuliza uvimbe, zile wanazomeza wenye baridi yabisi? Jaribio la Marekani lililohusisha wazee zaidi ya 2,500 lilisitishwa Desemba 2004 kwa hofu ya madhara ya moyo, na dawa hizo hazikuonekana kukinga. Wanaojinunulia vidonge hivyo kiholela kwa ajili ya kumbukumbu hawana ushahidi mkononi.

Mambo yalizidi kuwa magumu mwaka 2013. Ilibainika kuwa wenye kasoro fulani katika jeni ya TREM2, inayoziwezesha mikroglia kufanya kazi, wana hatari ya kuugua takriban mara tatu ya wengine. Maana yake ni kwamba kuzinyamazisha kabisa nako kuna hasara, kwa kuwa ndizo zinazofagia uchafu. Yale mafuta ndani ya glia, yaliyopuuzwa miaka mingi, nayo yamerudi maabara.

Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer mwaka 1910. Mwenyewe hakulifaidi sana. Mwaka 1912 aliteuliwa profesa huko Breslau, ambayo leo ni Wroclaw nchini Poland, akaanza kusumbuliwa na moyo. Alifariki Desemba 19, 1915 akiwa na miaka 51, akazikwa Frankfurt kando ya Cecilie.