Von Lettow-Vorbeck: Ofisa aliyemuasi gavana, gharama ikabebwa na wengine

MWISHONI mwa Oktoba 1918, majuma machache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kumalizika, safu ndefu ya wanajeshi, wapagazi na wagonjwa ilipita katika nchi ya Wanyiha, eneo la Mbozi Mission, ambalo leo limo katika Mkoa wa Songwe. Wamisionari wa Kijerumani wa Kanisa la Moravian walioanzisha kituo hicho walikuwa wamekwishaondolewa na Waingereza. Safu hiyo ilikuwa njiani kwenda Fife, ng’ambo ya mpaka wa Tunduma, katika nchi ambayo sasa ni Zambia.

Aliyeiongoza ni Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Ujerumani katika Afrika Mashariki. Vitabu vingi vya vita humsifu kuwa jemadari ambaye hakupata kushindwa. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba aliviingia vita hivyo kwa kuyakaidi matakwa ya mkuu wake halali. Ndiyo maana maisha yake yanazua swali zito: je, ofisa anayeasi mamlaka aliyoapa kuyatii anaweza kuhesabiwa haki kimaadili?

Von Lettow-Vorbeck alizaliwa Machi 20, 1870, mjini Saarlouis, Ujerumani, katika ukoo wa wanajeshi. Mwaka 1900 alipelekwa China, na kuanzia mwaka 1904 alishiriki katika vita vya Wajerumani dhidi ya Waherero na Wanama katika nchi ambayo leo ni Namibia. Aliwasili Dar es Salaam Januari 1914 akiwa na cheo cha Luteni Kanali, akakabidhiwa jeshi dogo lenye askari Waafrika wapatao 2,500 chini ya maofisa Wajerumani.

Hata hivyo, mamlaka ya mwisho juu ya jeshi hilo hayakuwa yake. Kwa sheria za koloni yalikuwa ya Gavana Heinrich Schnee. Vita vilipozuka Agosti 1914, Schnee alitaka koloni lisiingie vitani. Aliegemea Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ambao uliacha mlango wazi kwa makoloni ya eneo hilo la Afrika kutoegemea upande wowote. Zaidi ya hayo, miaka saba tu ilikuwa imepita tangu kumalizika kwa Vita vya Maji Maji, na gavana alihofu kwamba vita vipya vingeiangamiza nchi. Kwa sababu hiyo aliafiki miji ya Dar es Salaam na Tanga isipigane, ili isipigwe mizinga na manowari za Kiingereza.

Kamanda wake aliona vingine. Kwa fikra zake, hatima ya koloni ingeamuliwa Ulaya, na wajibu wa jeshi lake ulikuwa kuwavuta Waingereza wengi kadiri iwezekanavyo waje kupigana Afrika. Agosti 15, 1914, majeshi yake yaliiteka Taveta, upande wa Kenya. Novemba mwaka huo, Waingereza walipovunja mapatano na kuteremsha Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India, gavana bado alitaka mji huo unusurike na mizinga. Von Lettow-Vorbeck aliamua kupigana kwa dhamana yake mwenyewe. Akiwa na watu wapatao 1,000 tu, alishinda.

Laiti angeshindwa, huenda angefikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Ushindi ulilifunika kosa, na tangu siku hiyo gavana hakuwa tena na nguvu za kumzuia.

Haki inataka utetezi wake nao usikilizwe. Dar es Salaam ilikwishapigwa mizinga Agosti 8, kabla ya yeye kuiteka Taveta. Mapatano ya Tanga hayakuvunjwa naye, na askari anayevamiwa ana haki ya kujihami. Kama mambo yangeishia Tanga, hoja hiyo ingekuwa na uzito mkubwa.

Lakini hayakuishia Tanga. Yalidumu miaka minne. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na wanaume wa vijijini. Ugogo ilikumbwa na njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, ambayo inakadiriwa kuua watu 30,000. Kwa upande wa Waingereza, makadirio ya wapagazi waliokufa hufikia 95,000; jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao. Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, akiliacha koloni lote mikononi mwa adui. Kuanzia hapo, hoja ya kuilinda nchi haikuwepo tena.

Naye hakukosa kuonjeshwa alichokipika. Mapema mwaka 1917 Kapteni Max Wintgens alijitenga na safu ya Meja Kraut, akaelekea kaskazini-magharibi kwa uamuzi wake mwenyewe, akapigana Galula, karibu na Ziwa Rukwa, kisha akaendelea kuelekea Tabora. Kamanda aliutambua ujasiri wa ofisa huyo, lakini alisikitika kwamba safari hiyo haikuyasaidia majeshi makuu. Askari na wapagazi wengi nao walitoroka, wakarudi makwao. Kwa sheria ya jeshi hao walikuwa watoro. Kwa dhamiri ya kawaida walikuwa watu waliokataa kufa kwa ajili ya mfalme wa mbali.

Habari za kusimamishwa kwa vita zilimfikia Novemba 13, 1918, karibu na Mto Chambeshi. Novemba 25 alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, akiwa na Wajerumani 155 na askari 1,168. Gavana Schnee alikuwa bado katika msafara huo. Machi 1919 von Lettow-Vorbeck alipokewa Berlin kama shujaa.

Mwaka mmoja baadaye aliasi tena. Machi 1920, baadhi ya wanajeshi walipojaribu kuipindua serikali ya Ujerumani katika jaribio lililoongozwa na Wolfgang Kapp, yeye aliwaunga mkono akiwa kamanda huko Schwerin, na jaribio liliposhindwa akaondolewa jeshini. Safari hii hapakuwa na mvamizi wa kigeni wala mji wa kuhami. Tukio hilo linautia mwanga mpya uasi wa mwaka 1914: mara zote mbili aliliweka jeshi juu ya mamlaka ya kiraia. Alifariki Hamburg Machi 9, 1964, akiwa na umri wa miaka 93. Mwaka huo Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wake wa zamani waliokuwa hai.

Wapo maofisa walioasi na ambao historia imewapa haki. Kanali Claus von Stauffenberg alijaribu kumuua Hitler Julai 20, 1944, akitaka kukomesha maangamizi, na aliulipia uasi huo kwa roho yake usiku uleule.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Kiapo cha askari si kitu kitakatifu kuliko uhai wa watu, na ofisa anaweza kukivunja ili kuwaokoa. Von Lettow-Vorbeck alikivunja ili vita viendelee. Gharama haikumwangukia yeye, bali iliwaangukia Wagogo waliokosa nafaka na wapagazi waliofia njiani, ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kupigana. Ushujaa wake vitani hauwezi kukanushwa, lakini ushujaa peke yake haujapata kuwa hati ya kuhalalisha uasi.