Mwalimu Nyerere na Kura ya Mwaka 1962

Kila unapofika wakati wa kumchagua Rais, magari yenye vipaza sauti hupita Barabara ya Bagamoyo hata Mbezi Beach na kuendelea. Sauti nyingine huahidi maji, shule na zahanati; nyingine hutisha watu ya kwamba, fulani akichaguliwa, nchi itaangamia. Wazazi huyasikia yote mawili wakiwa barazani, na watoto huwauliza lipi la kusadiki. Yafaa basi tumkumbuke mtu aliyepata kukaa Msasani, karibu na barabara hiyo hiyo.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora na Makerere, akabatizwa mwaka 1943, na baadaye akaenda Edinburgh. Aliporudi alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa Rais wake. Mwaka uliofuata akaacha ualimu, maana hakuweza tena kuzifanya kazi zote mbili.

Alianza kupambana na hofu ndani ya chama chake mwenyewe. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamuru kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wanachama wengi waliona ya kuwa huo ni mtego, wakataka kuugomea uchaguzi. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu aliwasihi wauingie uchaguzi ule mbaya ili wapate kuuondoa. Walikubali, na wagombea waliopendekezwa na TANU wakashinda. Lakini Bwana Zuberi Mtemvu, aliyekuwa mtumishi wa chama, hakuridhika. Alijitenga akaunda African National Congress.

Mwaka 1959 Mwalimu aliliambia Baraza la Kutunga Sheria habari ya mwenge ambao Watanganyika wangependa kuuwasha juu ya Kilimanjaro, uwamulikie hata walio nje ya mipaka na kuwaletea matumaini waliokata tamaa. Desemba 1961, nchi ilipopata Uhuru, mwenge huo ulipandishwa mlimani kweli.

Uchaguzi wa kwanza wa Rais ulifanyika Novemba 1962, nao wagombea walikuwa wawili hao. Bwana Mtemvu alidai Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao, akaonya ya kuwa wageni wangezidi kuzishika kazi na mali za nchi. Tusimdharau. Vyeo vingi vikubwa vilikuwa bado mikononi mwa Wazungu, na biashara nyingi mikononi mwa Waasia. Hofu yake ilikuwa na mzizi. Mwalimu alikuwa ameacha Uwaziri Mkuu Januari mwaka huo, akapita vijijini akiwahimiza watu wafanye kazi. Adui aliowataja yeye hawakuwa watu wa rangi fulani, bali umaskini, ujinga na maradhi. Wakati huo huo serikali ya Bwana Rashidi Kawawa iliharakisha kuwapa Waafrika vyeo, na hivyo mzizi wa hofu ukaanza kukatwa kwa matendo. Kura zilipohesabiwa, Mwalimu alikuwa amepata zaidi ya 98 katika kila 100.

Hata hivyo, haki yatupasa tuseme na upande wa pili. Mwaka huo huo wa 1962 ilipitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na kuanzia mwaka 1965 mpiga kura aliletewa jina moja tu la Rais, alikubali au alikatae. Aliyewashinda wapinzani kwa matumaini alitawala pia kwa sheria za kutia hofu. Mtu huyu tunamheshimu, na Kanisa limeanza kuuchunguza utakatifu wake. Lakini heshima isiyotaka kuona kosa haimfai yeye wala sisi.

Mwenyewe aliendelea kujifunza. Vyama vingi vilipokubaliwa mwaka 1992, yeye alikuwa miongoni mwa waliovitaka, ijapokuwa wananchi wengi walioulizwa hawakuvitaka. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo, aliwakemea vikali wanaotafuta Ikulu kwa kabila au kwa dini. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 huko London, akazikwa Butiama.

Basi, watoto wakiuliza, tuwafundishe kumpima mgombea kwa maswali matatu. Je, adui anayemtaja ni shida yetu, au ni jirani yetu? Hofu anayoitangaza ina mzizi wa kweli? Na kama ina mzizi, ameonyesha njia ya kuukata, au anaumwagilia maji apate kura? Ahadi nzuri nazo zipimwe kwa matendo, maana tumaini lisilo na kazi halishibishi mtu. Jirani tuliyetishwa naye leo ndiye tutakayekutana naye kesho kisimani na sokoni, kura zikiisha kuhesabiwa.