Daktari Aliyehesabu Maili

Ndugu zangu, sisi wa injinia tunajidai kwa kupima, kumbe Edward Jarvis alitutangulia zamani. Alizaliwa Concord, Massachusetts, mwaka 1803, akasoma Harvard. Kutibu alitibu, lakini roho ilikuwa kwenye hesabu.

Sensa ya Marekani ya 1840 ilidai eti Weusi walio huru kaskazini wanapata wazimu kuliko watumwa wa kusini. Watetezi wa utumwa wakashangilia. Jarvis akakagua mji kwa mji, akakuta miji iliyoandikiwa vichaa Weusi wakati haina Mweusi hata mmoja! Mwaka 1844 Chama cha Takwimu kikalalamika Bungeni; sensa haikurekebishwa.

Mwaka 1850 akalinganisha wagonjwa wa hospitali za akili na umbali wa makwao. Wilaya za jirani zilipeleka wengi, za mbali wachache. Basi si kwamba huko mbali watu ni wazima, safari ndiyo inawashinda. (Mimi ningepima saa, si maili: kilomita 20 za kijijini kwetu wakati wa masika si zile za kiangazi.) Akadai hospitali zisogezwe karibu na watu.

Alifariki mwaka 1884, baada ya kukiongoza chama kile miaka zaidi ya 30.